Udi wa Jezi Namba Tatu

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Mvua. Matope. Juzi tumepigwa hamsini na mbili kwa tatu, na hizo tatu nahisi refa alituonea huruma.

Nasema tumepigwa. Mie sikugusa mpira, lakini nani aliyefua jezi? Mie. Nani aliyejaza mipira upepo? Mie. Bila ya Hafidh hawa wangecheza vifua wazi, na mpira umelala kama chapati.

Wenyewe wanaitwa Korongo wa Wexholme. Wexholme ni mji wa mashamba huko kaskazini, kondoo wengi kuliko watu, lakini timu yao ya raga ni ya kulipwa khasa, na basi lao lina picha ya korongo ubavuni. Mwaka jana mto uliwafurikia. Uwanja ukawa bwawa, jukwaa likaoza. Ligi ikawaambia tafuteni pa kuchezea au fungeni duka. Wakakodi uwanja huku kwetu, Barking. Kwa hiyo timu ya mashambani inacheza nyumbani London! Mashabiki wake wanakuja kila mechi kwa basi, wazee watupu, na chupa za chai na mablanketi ya miguuni. Wanaimba. Tunapigwa. Wanakunja mablanketi, wanarudi kwao. Sijaona watu wenye subira kama wale. Mie ningeshahamia kriketi.

Leo Poonam katuita ofisini. Poonam ndiye meneja, Mhindi, mtoto wa Kenton, hapa hapa London. Mama yake alizaliwa Kisumu, na Kiswahili alichomwachia binti ni maneno matatu: haraka, polepole, na mjinga. Mie hunipa yote matatu kabla ya chakula cha mchana.

Kasema hivi. Jumamosi ni mechi ya mwisho, dhidi ya Marlbeck. Tukishinda tunabaki daraja hili, timu inakaa London mwaka mwengine, na stoo ya jezi itapata mtu wa kudumu. Mtu mmoja. Tukishindwa tunashuka, timu inarudi Wexholme kwenye tope lake, na sisi wa muda ahsanteni kwa huduma.

Sisi wa muda ni wawili. Mie na Hillary.

Hillary ni Mkenya, mwanafunzi, ana cheti cha huduma ya kwanza, na alicheza raga skuli. Anajua kila kitu. Anabeba maji, anafunga watu bandeji, anawafundisha mpaka namna ya kushika. Kiswahili chake sasa! Kaniambia leo ati "wewe buda utaangusha hiyo maneno yote." Maneno hayaanguki, nikamwambia, labda kwenu. Kacheka. Hana hata adabu ya kukasirika.

Nikikosa kazi hii, Shangazi Suad, ninayekaa kwake, keshanitafutia nyengine. Kwa Ami Asad, ghala la samaki waliogandishwa. Alfajiri, ndani ya friji kubwa kama nyumba, unabeba madebe ya ngisi. Mikono yangu hii! Nimemwambia haiwezekani, mie mwanamichezo. Na hapo pana jambo. Shangazi keshaeneza Barking nzima kwamba mie nacheza. Sikusema nacheza. Nilisema nipo kwenye timu. Kilichobaki kakimalizia mwenyewe.

Lazima tushinde. Wao wameshindwa mwaka mzima kutafuta dawa. Nimewaachia vya kutosha. Sasa naingia mie.


Jumanne, 29 Aprili

Wazo! Na limetoka kwa adui.

Jana jioni Hillary alikuwa akiwafundisha watu wa mbele. Kwenye raga kuna kitu skramu. Wazito wa huku na wazito wa kule wanainama, wanakutanisha vichwa, wanasukumana kama watu wanaosukuma gari bovu kutoka pande mbili. Hillary akawaambia: lazima umshike mwenzako jezi, na uishike sawasawa. Mkono ukikuponyoka, ukaanguka, refa anakupigia filimbi. Penalti.

Wao walisikia somo. Mie nikasikia ushindi. Jezi ikiteleza, Marlbeck hawatashika. Wasiposhika, wanaanguka. Wakianguka, penalti, pointi tatu. Hata skuli sikumaliza na nimeliona. Wanaosoma vyuo vikuu wanaona nini?

Nikachukua kopo la mafuta ya nazi la Shangazi, nikazipaka jezi za mazoezi zote kwa majaribio, mbele na nyuma, kwa mkono, jana usiku kabla sijafunga stoo.

Asubuhi nafungua. Yarabi! Nilisahau kuwa hapa si Wete, Pemba. Kwetu mafuta ya nazi ni maji. Hapa, kwa baridi ya stoo ile, yameganda meupe kama nta. Jezi zimesimama wima peke yake, mikono imenyooka, kama watu wanaosubiri basi. Nikazipanga juu ya hita. Zikalainika. Nikawagawia.

Mwanzo kila kitu sawa. Halafu wakapata joto.

Magloire ndiye wa kwanza. Huyu ndiye jabali letu, jezi namba tatu, Mkongo wa Bukavu aliyekulia Tottenham, shingo yake paja langu. Kainama, wenzake wakamshika, akawaponyoka kama sabuni bafuni, akaenda kichwa kichwa mpaka kwenye mashine ya kukata majani. Wakanyanyua mtu mrefu juu kudaka mpira, akateremka mikononi mwao mpaka chini, polepole, na uso wake umeshangaa. Wenzetu ndio walikuwa hawashikani wenyewe kwa wenyewe! Hilo sikulipigia hesabu.

Kocha Tom, masikio yake kama maandazi yaliyokaliwa, akaingia kuwatenganisha. Akaanguka. Akainuka. Akaanguka.

Ikaulizwa, nani? Nikatazama pembeni, ndani ya mfuko wa Hillary mna chupa ya mafuta ya kukandia misuli. Niliitazama tu ile chupa. Kwa muda mrefu. Mpaka wote wakaitazama.


Jumatano, 30 Aprili

Hillary katukanwa na Kocha mbele ya watu. Nilifurahi kama dakika mbili.

Kisha Hillary kanusa jezi moja, akanusa ya pili, akaja stoo. Kaniuliza ni nani hapa anapika wali wa nazi. Nikamwambia labda majirani. Kasema majirani ni gereji. Akasimama pale, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya upole kuliko zote, "Hafidh, mimi sitakushtaki. Lakini Jumamosi uwachie wachezaji wacheze, sawa?"

Huruma! Kutoka kwake! Bora angenishtaki.

Poonam katoa amri jezi za mazoezi zifuliwe zote, haraka, mjinga. Mashine ni mbili na moja mbovu. Nikafikiri. Kama nafua za mazoezi, kwa nini nisitie na za mechi na za akiba humo humo, nimalize mara moja? Nikajaza mashine mpaka mlango ukafungwa kwa goti.

Zimetoka safi. Kwa macho. Kwa pua, zote sasa zina mafuta. Za mechi, za akiba, zote. Na mafuta yale na ile sabuni vimefanya jambo vyenyewe. Si nazi tena. Ni kitu kama nazi iliyokufa.

Nimefua tena. Sasa ni nazi iliyokufa, ikazikwa, ikafukuliwa.


Alkhamisi, 1 Mei

Siku ya wafanyakazi duniani. Mie nafua.

Magloire kaja kujaribu jezi yake namba tatu. Kaivaa mpaka puani, akasimama. Kaivua. Kakaa kwenye kapu la nguo, kapu likalia. Kasema kwa Kiswahili chake cha kwao, "Ndugu yangu, hii jezi iko na harufu ya mutu ameshashindwa." Nikamwambia ni sabuni mpya. Kasema hapana, mwaka mzima iko hivi, leo tu imezidi. Akaniambia kwamba mkataba wake unaisha na msimu, ana watoto wawili, na tukishuka daraja hakuna atakayemchukua mtu wa umri wake. Akatazama mikono yake. Vidole vyote vimepinda. Kasema Jumamosi ataingia skramu, na kitu cha kwanza atakachonusa ni kushindwa.

Nilisikia kitu hapa kifuani. Huenda ni ile harufu.

Lakini kichwa changu hakilali! Njiani kurudi, juu ya basi, nikaliona. Kwetu mtu akienda mahali pakubwa, harusini, Idi, kutoa posa, nguo zake zinafukizwa udi. Bibi harusi hatoki mpaka kila uzi wa nguo umeingia moshi. Na hapa Barking fundi wa kufukiza ni nani? Shangazi wangu mwenyewe! Maharusi wote wa Kizanzibari mashariki ya London wamepita kwenye chetezo chake. Anasema binti aliyefukizwa vizuri anaingia ukumbini hamwogopi mtu, hata mama mkwe.

Hebu fikiri Magloire kaingia skramu ananukia kama bibi harusi. Nani wa kumsukuma?

Nikamwambia Shangazi timu yetu ina mechi kubwa. Macho yakamjaa machozi. Kasema kwa nini sikumwambia mapema, mwanawe kaka yake anakwenda kupigana na Wazungu na nguo haina udi! Akateremsha mkebe wa udi wa mbali, ule wa maharusi wenye uwezo. Na kasema Jumamosi atakuja kunitazama nikicheza.

Nikamwambia karibu.


Ijumaa, 2 Mei

Nimezibeba jezi zote kwa mifuko mpaka nyumbani kwa Shangazi, basi zima likahama mbele. Za akiba, zilizokuwa zinanuka zaidi, nikazitia kwenye bafu la Shangazi na siki na ndimu ziloweke.

Sebuleni Shangazi keshapanga. Tenga la kufukizia katikati, chetezo chini yake, makaa mekundu, udi juu yake. Kengele ya moshi ya darini keshaivisha kofia ya kuogea, kama tunavyofanya sote. Akazitandaza jezi juu ya tenga kwa ukubwa, kubwa chini, ndogo juu. Kubwa ni zipi? Namba moja, namba mbili, namba tatu. Watu wa mbele.

Binamu yangu Miska, ana miaka kumi na miwili, katoka chumbani, kasoma lebo ya ndani ya jezi, akauliza kwa Kiingereza chake cha haraka kama hii si plastiki. Shangazi kamjibu kwa Kiswahili kwamba yeye anafukiza nguo tokea kabla mama yake Malkia hajafa. Miska kapandisha mabega, karudi chumbani. Nikamwona mtoto hana imani.

Moshi ukapanda. Harufu, masha Allah! Harufu ya Idi. Nikafumba macho. Nikafungua mlango wa mbele kidogo ili majirani nao wafaidi.

Hapo ndipo penye kosa, nadhani. Ndani kengele imevaa kofia. Ile ya ukumbi wa nje, wa ghorofa zima, haikuvaa.

Kelele! Jengo zima! Milango ikafunguka, watoto, mabibi, mtu na paka wake, mtu na taulo. Shangazi, akivaa baibui, akanipigia kelele: Hafidh, toa chetezo kwanza! Nikasikia. Wallahi nilisikia. Lakini kengele inalia, na mikono ya mtu inachagua yenyewe cha kuokoa. Yangu ilichagua viatu vyangu vipya vya michezo.

Tulikaa chini kwenye maegesho mpaka gari la zimamoto likaja. Wakapanda, wakateremka. Mkubwa wao kanusa koti lake, akamwuliza Shangazi ule ubani unauzwa wapi. Shangazi akampa jina la duka la mtaa wa Green Street. Mpaka hapo sikuona ubaya.

Tukapanda juu. Chetezo bado kinawaka, chini ya tenga, na mafuta ya nazi yalikuwa yamechuruzika kutoka kwenye jezi za chini, yakalisha makaa vizuri.

Za juu salama. Zinanukia kama pepo. Lakini namba moja, namba mbili, namba tatu! Migongo na mbavu zimeyeyuka, zimekuwa matundu matundu, chujio la tui. Na pale pasipotoboka pamekuwa pembamba kama ngozi ya kitunguu.

Shangazi alishika kichwa. Kasema katika umri wake wote hajawahi kuona nguo inayokimbia udi. Watu gani wanavaa nguo namna hii?

Nimelala kitandani natazama dari. Lakini sijakata tamaa. Hillary ana mikanda ile minene yenye gundi, ya kufungia viungo, mabunda kwa mabunda. Tundu ukilitia mkanda kwa ndani, nani ataliona?


Jumamosi, 3 Mei

Sijui nianzie wapi. Naanza kwa mpangilio.

Nimefika stoo kabla ya watu. Nimechukua mikanda yote ya Hillary, nimeziba matundu kwa ndani. Kwa mbali unaona jezi. Kwa karibu unaona jezi iliyogongwa na gari. Nikawavisha Magloire na wenzake wawili mie mwenyewe, taratibu, kama unavyomvisha maiti. Magloire kanusa. Akanusa tena. Akafumba macho. Kasema inanuka kama nyumba ya tajiri. Akanikumbatia! Mkanda mmoja ukalia trrr mgongoni, nikaugandisha.

Huko nje Hillary anahangaika na mfuko wake. Anauliza nani kaona mikanda. Mtu ana kidole kinataka kufungwa na hana cha kukifungia. Nikamwambia lazima awe na mpangilio.

Wazee wa Wexholme wamekuja mabasi mawili leo. Wameimba kabla hata hatujatoka. Na Shangazi yupo, baibui jipya, Miska ubavuni. Kaniona na chupa za maji. Akauliza mbona sijavaa. Nikamwambia mie naongoza kwa pembeni. Akawageukia wazee wa Wexholme akawaambia huyo ndiye anayeongoza. Wakampa chai.

Filimbi.

Skramu ya kwanza. Mtu wa Marlbeck, mzito kama gunia la saruji, kamshika Magloire jezi ubavuni, sawasawa kama alivyofundishwa. Jezi ikamfuata. Kipande kizima! Kabaki na kitambaa mkononi, kaanguka uso kwenye tope. Refa, aliyekuwa upande wa pili, haoni kitambaa. Anaona mtu kaponyoka. Filimbi! Penalti yetu! Tatu!

Skramu ya pili. Kipande chengine. Penalti! Sita!

Nikaanza kucheka peke yangu. Tisa. Kumi na mbili! Marlbeck hawana kitu! Magloire anavua jezi kidogo kidogo na kila kipande ni penalti. Wazee wamesimama, mablanketi yameanguka, mmoja analia na hajifuti. Shangazi anapiga kigelegele, wazee hawajawahi kukisikia, wakajaribu na wao. Mwaka mzima, mwaka mzima hawajaona Korongo akiongoza.

Sasa sikiliza. Wakati wa mapumziko ningenyamaza. Mtu mwengine angenyamaza. Lakini Poonam kaja mbio, mashavu mekundu, akasema Hillary kawafundisha vizuri watu wa mbele, kazi ya stoo anaistahiki.

Hillary!

Damu ikanipanda. Nikasema si Hillary, ni mie! Mie niliyezishughulikia zile jezi! Mie niliyezifanya zisishikike! Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti, nikipiga kifua. Kocha wa Marlbeck alikuwa anapita na chai yake. Akasimama. Chai ikabaki hewani.

Refa akaja na wasaidizi wake wawili. Akamgeuza Magloire. Akavuta mkanda mmoja, ukatoka wote kwa urefu, kama mtu anayetoa mnyoo. Akauliza nani mwenye dhamana ya nguo hizi. Na mie bado moto wa sifa haujanitoka. Nikanyoosha mkono.

Amri: watatu wale watoke mpaka wapate jezi nzima, na mwenzao yeyote haruhusiwi kuingia badala yao wala kuwaazima ya kwake. Poonam akanigeukia. Za akiba ziko wapi? Nikafungua mdomo. Za akiba ziko nyumbani kwa Shangazi, kwenye bafu, ndani ya siki na ndimu.

Hakusema mjinga. Hilo ndilo lililonitisha.

Kipindi cha pili kikaanza na sisi pungufu ya watu watatu wa mbele. Marlbeck wakapita katikati kama mlango umeachwa wazi. Trai, wameulaza mpira nyuma ya mstari wetu, tano, na teke lake la mbili likaingia. Saba. Hillary kaliona la kufanya haraka kuliko wote, akakimbilia jukwaani kwa wazee, akawaomba. Wale wazee huvaa jezi za timu, rangi ile ile. Wakaanza kuvua! Kwenye baridi ile, vifua vyeupe kama unga, wakarusha jezi zao uwanjani. Namba moja akapata, namba mbili akapata. Kabla Magloire hajapata yake, trai nyengine na teke. Kumi na nne kwa kumi na mbili.

Magloire kapewa jezi ya bibi mmoja mfupi. Ndiyo kubwa iliyobaki. Watu wanne wakamsokomeza ndani. Imeishia kitovuni, na mikono imembana kwapani mpaka kawa kama pengwini. Refa akakubali, maadamu ni nzima.

Dakika ya mwisho. Tumewasukuma mpaka mstarini kwao. Mpira ukatoka, ukapita mikono, ukarushwa juu kidogo, tu kidogo, kwa Magloire, na mbele yake hakuna mtu. Hata mmoja! Angedaka akaanguka tu, basi, tumebaki daraja. Watu wote wakavuta pumzi. Akainua mikono.

Haikuinuka.

Jezi haikumruhusu. Mpira ukampiga kidevuni, ukaanguka mbele. Filimbi. Kwisha.

Hakuna aliyezomea. Ndilo baya lake. Wazee waliokuwa vifua wazi wakapiga makofi, taratibu, wakaanza kutafuta mablanketi.

Baadaye stoo. Magloire kakaa juu ya kapu, jezi ya bibi imekataa kutoka. Nikaikata kwa mkasi. Kisha akaniuliza, sauti ndogo, "Ni weye njo ulifanya hivi?" Nikamwambia kosa ni la kiwanda, wanatengeneza nguo za plastiki. Akanitazama. Akavaa koti lake. Kwenye mlango akasema udi ulikuwa muzuri.

Nilibaki na mkasi mkononi mpaka mlinzi akazima taa.


Jumapili, 4 Mei

Nimelala mpaka adhuhuri. Hakuna aliyeniamsha.

Poonam kapiga simu. Alikuwa mtulivu kama daktari mwenye habari mbaya. Timu inarudi Wexholme wiki ijayo. Kocha Tom kajiuzulu jana mbele ya gari lake. Stoo ya huko Wexholme itakuwa na kazi moja, kampa Hillary, na Hillary kakubali. Magloire? Kasema hajui, klabu haina pesa, hakuna anayejua. Halafu kasema kwaheri. Neno la nne la Kiswahili! Kumbe analijua, alikuwa ananiwekea.

Nimempigia Magloire. Hakupokea. Nimempigia tena. Nimemtumia picha ya mkono wenye dole gumba. Kaiona.

Hillary kapita nyumbani kuchukua zile jezi za bafuni. Kanywa chai. Shangazi kampenda, kampa visheti vya njiani, mie kaninyima. Mlangoni Hillary kanipa mkono, kasema, "Pole, bana. Ulikuwa unataka washinde, hiyo najua." Nilitafuta tusi, nikakosa.

Shangazi hajanigombeza. Kasema tu kwamba Ami Asad ananisubiri Jumanne alfajiri, nivae soksi mbili mbili. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kweli nilikuwa naongoza. Nikamwambia kipindi cha kwanza, ndiyo.

Kaenda jikoni. Nimemsikia akifungua bomba na hakuna anachokiosha.


Jumatatu, 5 Mei

Sikukuu ya benki. Mvua. Kesho ngisi.

Nimewaza mchana kutwa, na nimefika mahali. Nataka tuseme ukweli. Nani kati yao wote aliyeiwekea timu ile pointi kumi na mbili kwa sifuri? Kocha Tom, mwaka mzima, na vibao vyake na mishale yake, hajapata kufanya hivyo. Mie nimefanya kwa wiki moja, bila mshahara wa kocha, kwa udi na mafuta ya nazi. Tatizo halikuwa mbinu. Mbinu iliwashinda Marlbeck. Tatizo ni kwamba jezi zilitoboka tatu tu. Zingetoboka zote, Marlbeck wasingemshika mtu hata mmoja, na refa angewatoa wangapi? Hawezi kuitoa timu nzima!

Na nimekumbuka. Kocha kajiuzulu. Kiti kiko wazi.

Nimemwandikia mwenye timu moja kwa moja, huko Wexholme. Nimemweleza umri wangu, matokeo yangu ya kipindi cha kwanza, na kwamba niko tayari kuhamia mashambani wakinipa nyumba isiyo na kondoo. Nimesema sharti langu la kwanza ni Magloire abaki. La pili, Hillary awe msaidizi wangu, kijana ana kipaji akipata mtu wa kumsimamia. Miska kasoma, kaniuliza kwa Kiingereza kama naumwa. Shangazi kasema itume baada ya magharibi, ina baraka zaidi.

Kilichobaki ni kitu kimoja kidogo. Nimpigie Hillary aniambie timu ya raga ina watu wangapi. Jezi nilizokuwa nafua ni ishirini na tatu, na mwaka mzima sijapata kuwaona wote uwanjani. Wale wengine wanaokaa benchi nadhani ni wavivu, na nikifika nitaanza nao.